Fundi Redio, Skrubu Nne na Hatua 412 za Kaka Yake

Saa moja na robo asubuhi. Katikati ya uwanja mtupu ulio baina ya kituo cha basi na geti la hospitali, mwanamke wa makamo anazunguka polepole kama anayecheza muziki ambao wengine hawausikii. Mkononi ameshika kisanduku cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Anakiinua, anakilaza ubavu, anakipindua juu chini, anachora namba nane hewani, kisha anageuka kidogo na kuanza upya.

Wapita njia wanampisha kwa mbali. Mlinzi wa geti, ambaye amekwisha kumzoea, anamtoa mwandishi wasiwasi. "Huyo ni mzima kabisa," anasema. "Mwaka jana hata mimi nilitaka kumwitia daktari."

Mtaani wanamwita Bi Waya. Ana miaka arobaini na tisa, na kwa miaka ishirini na sita ametengeneza redio, pasi na feni katika chumba kilicho chini ya ngazi ya jengo la ghorofa tatu. Kabla ya kuingia uwanjani amevua saa, bangili na mkanda, ameacha funguo na simu kwa mlinzi, na amechomoa vibanio vyote kichwani.

"Chochote chenye chuma hakiji huku," anaeleza bila kusimama. "Na kuna vingine nimevua ambavyo sikutajii, mwanangu, usije ukaviandika gazetini."

Kisanduku kinatoa mlio mmoja mrefu. Bi Waya anashusha mikono na kupangusa jasho la pua. Hiki ni cha kumi na nne, na mwenye nacho atakuja kukichukua mchana.

Kisanduku hicho ni dira ya mtu asiyeona, iliyowekewa uelekeo wa kwenda na wa kurudi. Kinavaliwa kifuani kwa mikanda miwili ya kitambaa, na juu ya kila bega kuna kitufe kinachotetema. Ukipinda kushoto, bega la kulia linatetema kukurudisha. Ukipinda kulia, linatetema la kushoto. Ukienda sawa, kinanyamaza.

Kimya hicho kilimgharimu Bi Waya miezi mitatu, pasi mbili za kuchomelea zilizoungua, na aibu moja ambayo mpaka leo akiisimulia anaziba uso kwa kanga.

Habari yenyewe inaanza kwa kaka yake. Ni mkubwa kwake kwa miaka mitano, na macho yalimzimika miaka tisa iliyopita. Alikuwa dereva wa lori. Akajifunza kazi ya kukanda na kunyoosha viungo, na leo ni mtaalamu wa viungo katika hospitali hiyo hiyo ambayo geti lake linaonekana hapa. Wagonjwa wenye migongo hupanga foleni kwa jina lake.

Kwa miaka mitano alikwenda kazini peke yake. Kituo cha basi kilikuwa kando ya ukuta wa hospitali, na fimbo yake nyeupe iliufuata ukuta huo mpaka getini. Kisha barabara ikapanuliwa na kituo kikahamishiwa ng'ambo ya uwanja.

Mwenye macho hataona tatizo liko wapi. Uwanja ni tambarare, hauna shimo wala mti. Lakini hilo ndilo tatizo lenyewe. Hakuna ukuta, hakuna ukingo, hakuna kitu cha kugusa kwa fimbo kutoka mwanzo mpaka mwisho, na binadamu asiyeona chochote hawezi kwenda mstari ulionyooka hata aape. Bi Waya alizihesabu hatua za kaka yake mwenyewe: mia nne na kumi na mbili.

Wiki ya kwanza alipotea mara tatu. Mara moja alitokea kwenye karakana ya magari, mara nyingine akaingia mtaroni na kuchubuka goti. Ikabidi mdogo wake awe anamsindikiza asubuhi na kumfuata jioni.

"Nilikuwa nafungua kazi saa nne badala ya saa moja," anasema Bi Waya. "Redio tano kwa siku zikawa mbili. Lakini hilo halikuniuma. Kilichoniuma ni kaka kunyamaza njiani. Yeye ni msemaji, akianza hadithi za lori hamalizi. Ghafla akawa haongei, kashika kiwiko changu tu."

Siku moja kaka akamwomba amwandikie barua. Bi Waya akaketi na kalamu, akidhani ni ya likizo. Ilikuwa ya kuacha kazi.

"Aliitaja neno kwa neno kama aliyeikariri," anakumbuka. "Akaniambia, 'Mdogo wangu, nimekuwa kifurushi. Asubuhi napelekwa, jioni nachukuliwa. Bora nikae nyumbani nijue moja.' Niliandika mpaka mwisho, akatia dole gumba. Halafu nikamwambia, kaka, hii barua nitaikalia mimi kwa miezi mitatu. Nikishindwa nitaipeleka kwa mkono wangu."

Wakati huo hakuwa na wazo lolote kichwani. Anakiri hivyo akicheka. Aliropoka tu, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Akaanza kwa kuuliza. Alimfuata mwalimu wa umeme katika chuo cha ufundi, ambaye feni yake aliwahi kuitengeneza, akamuuliza simu inajuaje kaskazini ni wapi. Mwalimu akamwonyesha kipande cheusi kidogo kuliko punje ya mchele. Bi Waya akarudi kwake na furushi la simu mbovu na kuanza kuzipasua.

Ukimuuliza kilichomo ndani ya kisanduku, hakuelezi kwa maneno ya vitabuni.

"Humo kuna mashahidi watatu," anasema. "Wa kwanza anahisi kugeuka. Ni mwepesi, ukitikisa bega tu ameshajua. Lakini kumbukumbu yake mbovu, baada ya dakika chache anapotoka kidogo kidogo na mwenyewe hana habari. Wa pili anahisi sumaku ya dunia. Huyo kaskazini haisahau, ila ni mwepesi wa kudanganywa, mpitishie chuma tu anakifuata. Wa tatu anajua jambo moja, chini ni wapi. Asipokuwepo huyo, ukiinama kidogo wenzake wote wanachanganyikiwa."

Anakunja mikono kifuani. "Sasa mimi nikawa kama shangazi kwenye kikao cha ukoo. Jambo la sasa hivi namsikiliza zaidi yule mwepesi. Jambo la muda mrefu namsikiliza yule wa sumaku. Na hakuna ninayemwachia aseme peke yake."

Kompyuta inayoendesha kikao hicho ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na kumbukumbu yake haitoshi kuweka hata picha moja ya simu. Hapo ndipo mwalimu na mwanafunzi walipotofautiana. Shahidi wa sumaku lazima asawazishwe kwanza, yaani ageuzwe pande zote ili ijulikane vyuma vilivyomo ndani ya kisanduku chenyewe vinamvuta kiasi gani. Mwalimu alitaka vipimo elfu mbili vihifadhiwe ndipo vipigiwe hesabu. Kompyuta ikajaa na kuzimika.

Bi Waya, aliyeacha shule kidato cha pili, akapendekeza namba sita tu: kipimo kikubwa kabisa na kidogo kabisa cha kila upande kati ya pande tatu, yaani mbele, ubavuni na juu. Jumlisha kikubwa na kidogo, gawa kwa mbili, jibu litoe kwenye kila kipimo kijacho.

"Nilimtazama," anasema mwalimu huyo, ambaye bado huja chini ya ngazi kunywa chai. "Nilikuwa nimeandika kurasa nne. Yeye kaleta hesabu ya darasa la nne. Na ya kwake ikafanya kazi."

Mwezi wa tatu ulipoanza, kisanduku kilikuwa kimekamilika, ingawa kwa sura kilikuwa cha kutia huruma. Kifuniko kilishikiliwa kwa mipira ya kufungia pesa, maana kila saa kilifunguliwa. Kaka alikivaa mara kumi na moja, Bi Waya akimfuata nyuma hatua mbili, na mara zote kumi na moja alifika getini. Njiani akaanza tena kusimulia habari za lori.

Basi wakaalika watu. Akaja mwenyekiti wa chama cha wasioona, mama mmoja mwenye sauti nzito asiyeona tangu kuzaliwa. Akaja mkuu wa wauguzi, na wafanyakazi wa hospitali wakajipanga ukutani. Mwenyekiti alikuwa amesema wazi: kikifaulu, chama kitaagiza ishirini na tano.

Siku ya wageni nyumba hufagiliwa, na kisanduku nacho kikapambwa. Asubuhi ile Bi Waya alikisawazisha kikiwa wazi kama kawaida, akatupa ile mipira, akafunga kifuniko kwa skrubu nne mpya zinazong'aa. Akakipeleka kituoni na kumvalisha kaka kifuani kama nishani.

Kaka akapiga hatua ya kwanza. Kisanduku kikamtetemesha bega la kulia, naye, kwa imani, akaelekea kulia. Kikanyamaza. Akakaza mwendo, kichwa juu, akiliacha geti kando. Bi Waya alipaza sauti, lakini wote walikuwa wanapiga makofi na kaka alidhani ni shangwe. Alipita nyuma ya jengo la kufulia na kuingia katikati ya kamba za nguo, akasimama na shuka la wodi limemfunika kichwa.

"Samahani," alisema kwa adabu toka ndani ya shuka. "Hii ni wodi gani?"

Watu walicheka. Kaka mwenyewe alicheka. Mwenyekiti, ambaye hakuona kitu ila alisimuliwa, alisema tu, "Mwanangu, sisi tukipotea si kichekesho," akaomba apelekwe kwenye gari.

Bi Waya hakucheka. Alirudi chini ya ngazi, akashusha pazia na kulia kwa sauti mpaka muuza vocha wa jirani akaja kumuuliza kafiwa na nani. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili miezi mitatu itimie, na barua iko kwenye droo.

Siku tatu alikihangaikia. Akikifungua, kinaonyesha kaskazini sawasawa na dira ya kawaida. Akikifunga, kinapotea nyuzi arobaini. Alidhani ni joto, akatoboa matundu. Alidhani ni waya unabanwa, akabadilisha nyaya zote. Alidhani ni husuda, na hilo anaomba lisiandikwe, kisha anasema liandikwe tu kwa kuwa ni kweli.

Siku ya nne, akikifungua kwa mara ya ishirini na kitu, skrubu mbili zilimponyoka zikaangukia mezani. Alipotaka kuiokota moja, zikaja zote mbili, zimeng'ang'aniana.

Hapa Bi Waya anaingiza mkono mfukoni mwa aproni yake na kutoa bisibisi yenye mpini mwekundu uliokwanguka. Fundi redio yeyote wa umri wake ataitambua desturi hii. Skrubu za redio ni ndogo na huingia mahali vidole havifiki, kwa hiyo fundi huisugua bisibisi yake kwenye sumaku ya spika mbovu ili yenyewe ishike skrubu. Bi Waya alifundishwa hivyo siku yake ya kwanza kazini, na kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua mlango, aliisugua mara ishirini. Fundi mwenye bisibisi isiyoshika skrubu alimwona mchafu.

Bisibisi ile ilikuwa imeziambukiza sumaku skrubu zote nne. Na kwa kuwa kisanduku kilisawazishwa kikiwa wazi, hakikuwahi kujulishwa kwamba zipo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," anasema, akigonga mfuko wa aproni. "Miaka ishirini na sita natembea nacho. Nilikuwa namfundisha shahidi wangu kusema kweli, halafu namfungia chumbani na waongo wanne."

Je, alifurahi au alikasirika? "Nilitukana," anasema. "Halafu nikaenda kununua nyama."

Tiba ilikuwa nyepesi kuliko ugonjwa. Alizing'oa skrubu za shaba kwenye bawaba za kabati la marehemu mama yao, maana shaba haishiki sumaku. Akabadili na utaratibu: kifuniko kwanza, kusawazisha baadaye. Kwa kuwa akishafunga haoni taa za ndani, akakifundisha kisanduku kulia. Kila kikionyeshwa upande mpya kinatoa mlio mfupi, na pande zote zikitimia kinatoa mlio mrefu.

Alitaka jaribio la pili lifanyike kimyakimya, wawili tu. Kaka akakataa katakata.

"Nilimwambia, walioniona kwenye shuka waje wanione getini," anasema kaka mtu, ambaye mwandishi alimkuta akimkanda bega mzee mmoja na hakuacha kazi ili kuongea. "Aibu niliila mbele za watu. Na heshima niile mbele za watu."

Wakaja, ingawa mwenyekiti alihitaji kubembelezwa. Na asubuhi hiyo, kana kwamba mkosi haujachoka, lori lililobeba mitungi ya chuma ya hewa ya wagonjwa lilikuwa limeegeshwa uwanjani, karibu kabisa na njia. Dereva alikuwa ameingia ndani kusainiwa karatasi. Mwalimu wa chuo alipoliona alimshika Bi Waya mkono na kumwambia aahirishe, kwa sababu rundo kama lile la chuma lingemvuta shahidi wa sumaku kama mbwa anavyovutwa na mfupa.

"Roho ilikuwa juu juu," anasema Bi Waya. "Lakini nilijua nimeandika nini. Nimekiambia kisanduku, sumaku ikizidi kipimo ghafla, ujue kuna chuma jirani. Mnyamazishe huyo, msikilize yule mwepesi mpaka mpite. Sekunde chache hawezi kupotoka sana. Sasa kama nakiamini, nakiamini. Nikamwambia mwalimu, mwache apite."

Kaka akaanza. Bi Waya hakumfuata safari hii, alibaki kituoni na kuhesabu hatua kwa midomo. Hatua ya hamsini, kaka alipinda kidogo kushoto, akatetemeshwa, akarudi. Hatua ya mia na themanini akaingia kwenye kivuli cha lori.

Hakuna aliyepiga makofi mara hii. Fimbo ilikwenda kushoto na kulia juu ya nyasi. Kaka alipunguza mwendo kwa sababu alisikia sauti ya fimbo yake ikigonga bati na kumrudia, akajua kuna kitu kikubwa pembeni. Mabega yake yalikuwa kimya. Akaendelea mbele. Lori likabaki nyuma.

Hatua ya mia nne na tisa, fimbo iligonga chuma cha geti kikalia. Mlinzi, ambaye kazi yake ni kuuliza kila anayeingia anakwenda wapi, alisahau kuuliza.

Mkuu wa wauguzi alikuwa wa kwanza kupiga vigelegele, kisha ukuta mzima ukaitikia. Mwenyekiti alikuwa akiuliza, "Kafika? Kafika wapi?" na wote walikuwa wanamjibu kwa pamoja asisikie hata mmoja. Bi Waya alikimbia uwanja mzima na viatu mkononi. Anasema hajawahi kufurahi vile, si siku ya harusi yake wala siku alipojifungua, na watoto wake wamsamehe, anaongeza.

Alipofika getini kaka hakuwepo. Alikuwa amegeuka, amebonyeza kitufe cha safari ya kurudi, na alikuwa nusu ya uwanja akielekea kituoni, peke yake, bila kuombwa na mtu. Walikuwa wamepishana njiani, Bi Waya macho yakiwa kwa umati wa getini, na kaka hakujua kwamba anayehema kando ni mdogo wake.

Ile barua, kaka aliomba apewe aichane kwa mikono yake. Aliichana vipande vidogo sana na kuvitia mfukoni, asichafue uwanja.

Mwenyekiti alivaa kisanduku siku hiyo hiyo na kuvuka mara mbili. Agizo lake la ishirini na tano ndilo linalomweka Bi Waya uwanjani asubuhi hizi. Kumi na vinne vimekamilika. Kwa kila kimoja hubakiwa na kiasi anachopata kwa kutengeneza redio nane, na ameajiri mshonaji wa mikanda.

Mpango wake sasa ni kuacha kucheza hiyo ngoma yake. Anataka kila mwenye kisanduku akisawazishe mwenyewe, maana miezi ikipita vyuma vya ndani hubadilika na fundi hawezi kufuata nyumba hadi nyumba. Mlio ule alioutia kwa kukosa taa umegeuka kuwa mlango: asiyeona anaufuata kwa sikio vizuri kuliko yeye. Jumamosi iliyopita aliwafundisha wanachama sita hapa hapa uwanjani. Mwenyekiti alimaliza wa kwanza, kwa dakika moja na nusu, na hajaacha kulisema.

"Mwakani nataka chumba chenye dirisha," anasema Bi Waya. "Nataka watu watatu kati ya hao sita waje tufanye kazi pamoja, wao wasawazishe, mimi nichomelee. Na nataka tutoe mia moja. Mia moja, andika hivyo hivyo, ili nisiweze kurudi nyuma."

Mchana tunakaa naye chini ya ngazi. Mwenye kisanduku cha kumi na nne amekuja, amekivaa na kuondoka nacho. Saa kumi inapita, saa kumi na nusu inapita. Zamu ya kaka huisha saa tisa, na nyumbani kwake ni mlango wa pili kutoka hapa. Mwandishi anauliza kama amekwisha kurudi.

Bi Waya anapuliza vumbi kwenye redio iliyo wazi mbele yake.

"Sijui," anasema. "Juzi alikwenda kunyoa. Jana alimtembelea dereva mwenzake wa zamani, akarudi jua limezama. Leo sijui yuko wapi, na hakuniaga." Anainua uso, na uso wote umejaa kicheko. "Miaka miwili nilijua kila saa kaka yangu yupo wapi. Siku hizi sijui. Hujui ni raha kiasi gani kutokujua."